Gitaa la mjomba linavuma, na maiki inaniuma mdomo

Shikamoo mzee,

Mimi ni mpiga solo, miaka 27, kwenye bendi ndogo ya hapa Dar es Salaam. Napiga na kuitikia. Ijumaa tuko kwenye baa moja yenye bustani, jukwaa liko nje chini ya turubai. Jumapili tunapiga bonanza ndani ya ukumbi mwingine. Jumamosi ikitokea harusi au send-off tunakwenda. Tunapiga zilipendwa, rhumba za kukopi, na nyimbo zetu nne ambazo watu wameanza kuziomba.

Gitaa ninalopigia aliniachia mjomba, ambaye miaka ya 1970 alipigia bendi ya kiwanda huko Morogoro. Limeandikwa Teisco kichwani. Ni la Kijapani, lina pikapu mbili (vile vidude vinavyodaka sauti ya nyuzi) zenye bati la rangi ya dhahabu juu yake, na swichi za kubonyeza huku na huku. Sauti yake sina malalamiko nayo. Sebene ikikolea, zile nyuzi nyembamba zinasikika hadi getini. Tatizo ni kwamba linavuma. Nikiacha kupiga tu, "mmmmm" inajaa jukwaa zima. Nikishika nyuzi inapungua lakini haiishi. Kiongozi wetu aliwahi kusema mbele ya wenzangu kwamba gitaa langu linaanza wimbo kabla yetu na kumaliza baada yetu. Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini juzi kaniita pembeni akaniambia nitafute ufumbuzi kabla ya harusi za Desemba, la sivyo atamwita kijana mwingine mwenye gitaa jipya.

Nimelipeleka kwa fundi Kariakoo. Kasema pikapu hizi zimepitwa na wakati, ni za koili moja, zinadaka umeme wa hewani. Dawa ni kuzing'oa, kuchimba ubao ili nafasi iwe pana, aweke humbucker mbili, yaani pikapu za koili mbili. Laki mbili na nusu kila kitu, na hizo za zamani atabaki nazo yeye, ndiyo maana kanipunguzia bei.

Rafiki yangu anayepiga kinanda haafiki. Yeye anaona amplifaya ya bendi ndiyo imechoka. Kuna moja ya mtumba imeshuka na kontena kutoka Japani, Roland kubwa ya spika mbili, mwenyewe anataka laki saba. Nina laki nane nilizoweka akiba. Mke wangu anatarajia kujifungua Januari, kwa hiyo hizi hela nikizikosea sina nyingine.

Harusini nako kuna shida yake. Amplifaya hatubebi, fundi mitambo wa ukumbini anachukua waya wangu na kuuchomeka moja kwa moja kwenye mikisa, mashine yake ya kuchanganya sauti. Hapo mvumo si mkubwa, ila sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi, hata nikifungua nobu zote. Mtu wa solo nasikika kama mtu wa besi.

Jambo dogo la mwisho. Ijumaa nikiitikia, mdomo ukigusa maiki huku nimeshika nyuzi, inaniuma, mara kidogo mara sana. Wenzangu wanasema ni kawaida, nivae raba. Plagi ya amplifaya yetu haina ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Fundi mitambo tuliyekuwa naye mwaka jana aliukata ule waya kupunguza mvumo, na kweli ulipungua. Jumapili hainiumi kabisa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Jumapili wanachomeka waya kutoka nyuma ya amplifaya kwenda kwenye mikisa, Ijumaa mikisa iko mbali, waya haufiki, kwa hiyo wanaweka maiki mbele ya spika.

Nianze na lipi, mzee, pikapu au amplifaya?

Mpiga solo, Sinza

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu kiongozi wako umwambie kwamba Ijumaa hii huimbi ukiwa na gitaa mpaka ile plagi irekebishwe. Kama hawezi kusubiri, piga bila kuitikia, na kaa mbali na maiki zote. Umeandika barua nzima juu ya pikapu, halafu hili la shoti ukaliita jambo dogo la mwisho. Mimi naanza nalo.

Nyuzi za gitaa la umeme hazikai peke yake. Kutoka kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia ubao, kuna waya mwembamba unaopita ndani ya ubao hadi kwenye tundu la jeki, na kutoka hapo ule wavu unaozunguka waya wa gitaa unaziunganisha na bati la amplifaya. Maiki nayo, kile kichwa cha chuma unachokigusa kwa mdomo, kimeungana na bati la mikisa. Amplifaya na mikisa zote zikiwa na ethi, nyuzi na maiki ziko sawasawa kiumeme, na wewe uliye katikati hakipiti kitu mwilini mwako. Ya kwenu haina ethi. Umeme kidogo ukivuja ndani yake, na chombo kilichozeeka lazima kitavuja, hauna pa kwenda. Unakaa kwenye bati, unapita kwenye waya, unafika kwenye nyuzi. Ukigusa maiki, wewe ndiye unachukua nafasi ya ule waya uliokatwa.

Raba za wenzako hazisaidii hapa, kwa sababu umeme hauendi chini. Unaingia mkononi na kutokea mdomoni, na njia hiyo inapita kifuani. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwezi Mei 1972 baada ya kugusa maiki kwenye jukwaa ambalo ethi yake haikuwa sawa. Miaka minne baadaye, Mei 1976, Keith Relf aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme. Leo kinachovuja ni kidogo, kinakuuma tu. Siku kitu ndani ya amplifaya kitakapokatika na kugusa bati, zitakuja volti 230 zote, na hutapata onyo la kwanza wala la pili.

Sasa kwa nini Jumapili uko salama? Jibu liko kwenye barua yako mwenyewe. Ule waya unaotoka nyuma ya amplifaya kwenda kwenye mikisa nao una wavu wake, na wavu huo unaiazima amplifaya yenu ethi ya mikisa. Ijumaa mnaweka maiki mbele ya spika, waya haupo, amplifaya inabaki yatima. Maana yake ni kwamba hata Jumapili uhai wako unategemea waya mmoja wa muziki ambao mhudumu aliyebeba kreti ya bia anaweza kuujikwaa akauchomoa katikati ya wimbo.

Na huyo fundi wenu wa mwaka jana, tusimwonee. Alichokisikia kilikuwa cha kweli. Amplifaya ilikuwa na ethi ya plagi yake, na ethi ya pili kupitia waya wa mikisa. Njia mbili za ethi zikikutana hufanya duara, na duara hilo hudaka mvumo wa umeme wetu wa Hz 50 na kuumwaga kwenye spika. Ukikata upande mmoja, mvumo unashuka. Yeye alikata upande unaolinda watu akaacha unaobeba muziki. Ilitakiwa iwe kinyume chake, nami nitakuonyesha jinsi ya kuufanya huo ukinyume kwa kubonyeza kitufe.

Plagi kwanza. Nunua mpya, imara, si zile nyepesi zinazolegea baada ya wiki mbili. Waya wa kahawia unaenda kwenye pini yenye fyuzi, wa bluu kwenye pini ya pili, wa kijani na njano kwenye ile pini ndefu ya juu. Fyuzi ya ampea 3 au 5 inatosha kwa amplifaya ya gitaa. Ukikuta waya wenyewe una nyuzi mbili tu ndani, badilisha waya mzima, na hapo mwite fundi umeme afunge ile ya tatu kwenye bati kwa nati. Usifungue bati wewe mwenyewe: amplifaya, hasa ya taa (valvu), huweka mamia ya volti kwenye kapasita zake hata baada ya kuchomolewa.

Halafu ekstensheni. Unaujua mchezo wetu: plagi ya pini mbili haiingii, mtu anachukua kalamu, anachokonoa tundu la juu mpaka milango ya ndani inafunguka, anaisukuma. Inawaka, kila mtu anafurahi. Ekstensheni ikishaunganishwa hivyo hakuna ethi kwa yeyote aliyechomeka juu yake, hata kama plagi yake ni nzuri. Kagua mnyororo wote, kuanzia ukutani hadi jukwaani. Madukani ya umeme kuna kiplagi kidogo chenye taa tatu kinachoonyesha kama soketi imefungwa sawa. Kiwe ndani ya begi la gitaa daima. Na vyombo vya jukwaani pamoja na mikisa vichukue umeme kwenye mstari mmoja. Mikisa ikila jenereta na jukwaa likila umeme wa baa, mnajitafutia matatizo.

Mkimaliza, pima. Mita ya kawaida ya fundi redio, iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye kichwa cha maiki, wewe usiguse chuma chochote. Isome karibu na sifuri. Ikikuonyesha makumi ya volti, huenda ni uvujaji mdogo na huenda ni hatari kamili. Mita hiyo haiwezi kukutofautishia, kwa hiyo huimbi. Kifuniko cha sponji kwenye maiki ni kizuri kwa mate na upepo, na kinaongeza umbali kidogo, lakini hakichukui nafasi ya ethi.

Plagi, waya na ekstensheni alipe mwenye vyombo. Hilo halitoki kwenye laki nane zako. Muziki wa dansi hapa kwetu ulikua hivyo: NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi zilizofuata zilikuwa za mashirika, viwanda, jeshi, au tajiri fulani. Mwanamuziki alifika na vidole vyake, na akihama bendi aliondoka navyo hivyohivyo. Ndiyo maana wapigaji wengi hodari wa kizazi cha mjomba wako hawakuwahi kujua nyuma ya amplifaya kuna nini, hawakuruhusiwa kugusa. Na ndiyo maana gitaa lake kuwa lako ni jambo kubwa kuliko unavyolichukulia.

Ambalo linatuleta kwa fundi wa Kariakoo. Hajakudanganya kuhusu koili. Pikapu ya koili moja ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, na kwa kuwa haina akili, inadaka mtikisiko wa nyuzi pamoja na mvumo wa kila transfoma iliyo karibu. Humbucker ni koili mbili zilizosukwa kwa kupingana, na sumaku zake zimegeuziana. Mvumo unaingia kote na kujifuta, sauti ya nyuzi inajumlishwa. Seth Lover wa Gibson aliombea hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1955, magitaa yakaanza kufungwa nazo 1957, na zinafanya kazi yake vizuri sana.

Lakini zinafanya na kazi nyingine ambayo hukuiomba. Zinanenepesha sauti. Kwenye rock ni neema. Kwenye rhumba, katikati ya ridhimu, besi na kinanda, solo lazima liwe na sauti nyembamba, kavu, yenye kioo, ndipo lipite. Umesema mwenyewe zile nyuzi zinasikika hadi getini. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya, na unataka kulipa laki mbili na nusu iondolewe.

Halafu hizo pikapu za dhahabu. Ry Cooder wa Marekani, mtu ambaye angeweza kununua pikapu yoyote duniani, aliweka ya Teisco ya aina hiyo kwenye gitaa lake la Fender Stratocaster, upande wa shingo. Tangu hapo wapigaji wanazitafuta, na kuna viwanda vinavyotengeneza mpya za kuigiza hizo. Fundi anayetaka kubaki nazo kama punguzo la bei ama hajui ni kitu gani, ama anajua vizuri sana. Usimwachie. Na ubao ukishachimbwa hauchimbuliki. Sheria yangu kwenye kubadili gitaa la zamani ni moja: chochote kinachoweza kurudishwa kwa bisibisi na risasi ya kulehemu, jaribu, chochote kinachohitaji patasi, acha.

Tupime basi mvumo unatoka wapi, hela haijatoka mfukoni. Jumapili kabla watu hawajaingia, funga nobu ya sauti ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki, hautoki kwenye pikapu. Uko kwenye waya, amplifaya au umeme wa jengo, na humbucker kumi hazitaugusa. Ukiisha, unaingilia kwenye gitaa. Hapo fungua tena, geuka polepole ukiwa umelishika. Kuna upande utausikia ukipanda na upande utausikia ukizama. Unapozama, ndipo pa kusimama. Angalia na kilicho karibu nawe: friji la bia, taa za rangi zenye kupunguza mwanga, transfoma ya amplifaya yenyewe. Kusogea mita mbili kutoka kwenye friji ni marekebisho ya gitaa ya bure kabisa. Kwamba mvumo unapungua ukishika nyuzi ni habari njema, maana yake ule waya wa daraja uko hai. Ungeongezeka, ningekwambia jeki imefungwa kinyume.

Kinachobaki kitibu kwa ndani. Fungua bamba la mbele. Magitaa ya umri huo mara nyingi hayana kinga yoyote pale ndani. Ni mbao tupu. Ubandike karatasi ya shaba yenye gundi kwenye kuta zote za shimo na nyuma ya bamba, vipande vipandiane, kisha lehemu waya mmoja kutoka kwenye shaba hiyo hadi kwenye mgongo wa voliumu, yaani upande wa ethi. Foili ya jikoni nayo inakinga, ila risasi haishiki juu yake, itabidi uibane kwa skrubu. Angalia ncha ya jeki isiguse shaba unapochomeka waya, la sivyo gitaa litanyamaza kimya na utamlaani asiyehusika. Wakati uko humo, nyunyiza dawa ya kusafishia mitambo ya umeme ndani ya swichi zile na nobu, uzibonyeze na kuzizungusha mara nyingi. Hewa ya chumvi ya Dar imekula hizo swichi kwa miaka hamsini. Usibadilishe chochote kinachofanya kazi.

Amplifaya ya laki saba. Kama ni ile Roland JC-120, ni chombo cha heshima. Imekuwepo tangu 1975, sauti yake safi imekuwa kipimo kwa wengine, na kwa rhumba sijui ya kuishinda. Lakini imetoka Japani. Umeme wa Japani ni volti 100. Geuza nyuma usome bamba la chini. Ikiandikwa 100V na wewe ukaichomeka kwenye 230, laki saba zitatoka kama moshi kabla hujapiga noti. Muuzaji atakwambia nunua transfoma ya kushusha. Nyingi zinazouzwa kwa kazi hiyo zina matundu ya pini mbili, hazina ethi, kwa hiyo umerudi palepale ulipoanzia, maiki inakuuma, ila sasa kwa chombo chako mwenyewe. Inaweza kufungwa vizuri, kwa transfoma yenye nguvu ya kutosha na ethi iliyofungwa kwenye bati, lakini ni kazi na ni gharama juu ya laki saba. Tena ina uzito wa karibu kilo 28. Harusini hamuibebi hata ile ya bendi. Hii utaibeba kwenye bodaboda?

Blanketi la harusini ndilo ninalolipenda katika barua yako, kwa sababu dawa yake ni rahisi na karibu hakuna anayeitumia. Gitaa lenye pikapu za kawaida ni chombo dhaifu. Linataka kuchomekwa kwenye mlango unaolidai kidogo sana, wa kama omu milioni 1 (omu ni kipimo cha ukinzani, zikiwa nyingi mlango unadai kidogo), na amplifaya ya gitaa imejengwa hivyo. Tundu la kawaida la mikisa lina kama omu elfu 10. Gitaa linalemewa, na cha kwanza kufa ni zile sauti za juu ambazo kwako ndiyo chakula. Nobu hazina kosa, wala wewe. Ongeza waya mrefu wa mita kumi na tano, ambao nao unakula sauti za juu kadiri unavyorefuka, na hapo ndipo solo linageuka besi.

Nunua kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na mikisa, cha aina inayotumia betri, kinachopokea gitaa kwa omu milioni 1 au karibu na hapo. Kaa nacho miguuni, waya mfupi wa mita tatu kutoka kwenye gitaa, halafu kutoka kwenye kisanduku mpe fundi mitambo waya wa maiki wa urefu wowote anaoutaka. Kama kisanduku bado hukipati, karibu pedali yoyote ya kampuni ya Boss (kisanduku cha kukanyaga cha kubadili sauti) ikiwa katikati inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hata usipoikanyaga, mradi ina umeme au betri, maana ndani yake mna saketi inayoupokea mlio dhaifu na kuutoa ukiwa na nguvu. Pedali ya dilei (mwangwi) ya mtumba, kwa mfano, itakufaa mara mbili.

Na kile kitufe nilichokuahidi kiko ubavuni mwa kisanduku hichohicho. Plagi ya amplifaya ikisharudishiwa ethi, mvumo wa Jumapili utarudi, usishangae. Pitisha waya wa nyuma ya amplifaya kwenye kisanduku cha DI kabla ya kufika kwenye mikisa, kisha bonyeza kitufe cha kutenganisha ethi. Kinakata lile duara kwenye waya wa muziki tu. Ethi ya plagi haiguswi. Kisanduku kikiwa kinakula betri, si umeme wa mikisa, kitufe hicho hufanya kazi bila utata.

Kwa hesabu yangu basi: kisanduku cha DI, waya wawili wazuri, karatasi ya shaba, mita, kiplagi cha taa tatu, seti tatu za nyuzi, na fundi wa kukupangia daraja na shingo bila kuchimba kitu. Muulize ukibana freti ya 12 noti inalingana na ya uzi ulio wazi, oktavo moja juu. Kwenye magitaa hayo mara nyingi hailingani. Ukipata dilei ya mtumba iongeze. Bei zinapanda na kushuka lakini yote hayo hayakaribii nusu ya akiba yako, na kinachobaki mpe mkeo akiweke cha Januari. Laki saba za amplifaya hazipo kwenye hesabu hii.

Kuna marekebisho mengine ya bei ya uzi mmoja, ukishamaliza haya mazito. Wakongo, kwenye lile gitaa la katikati wanaloliita mi-composé, hutoa uzi wa nne mnene na kuweka mwembamba unaopandishwa oktavo moja. Gitaa zima linang'aa, na mtu akisikia anadhani umebadilisha chombo. Kwa nyimbo zenu nne, jaribu moja hivyo nyumbani.

Kwa kiongozi wako usiende na maelezo marefu. Mwombe dakika kumi za Jumapili kabla ya watu, uje na mita. Weka ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye maiki kama amplifaya ilivyo sasa, bila waya wa mikisa, asome mwenyewe. Halafu mwambie maiki hiyohiyo ndiyo anayoitumia yeye. Nina hakika plagi itanunuliwa Jumatatu.